Effe, jarida la wanawake la Roma (1973–1982): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila linapotajwa jarida la Effe. Wapo wanafunzi wa historia, wapo waandishi wa habari wanaotamani kuanzisha chombo chao bila tajiri wa kuwalipia, na wapo walioona picha za maandamano ya Roma ya miaka ya 1970 wakajiuliza wanawake wale walikuwa wakisoma nini. Majibu mengine ni ya mistari miwili. Mengine yamerefuka kwa sababu mambo yenyewe ni marefu.

Effe lilikuwa nini hasa?

Lilikuwa jarida la kila mwezi la ufeministi, likitengenezwa Roma na kuuzwa Italia nzima. Toleo la majaribio lilitoka Februari 1973, toleo la kwanza rasmi Novemba mwaka huohuo, na la mwisho mwishoni mwa 1982. Lililolitenga na vijitabu vingi vya wakati ule ni mahali lilipouzwa. Vijitabu vya vikundi vya wanawake vilipita mkono kwa mkono, kwenye mikutano na vyuo vikuu. Effe lilitundikwa kwenye kibanda cha magazeti pale mtaani, ambako mama aliyetoka kununua mkate angeweza kuliona bila kumjua mwanachama yeyote wa kikundi chochote. Kati ya majarida ya wimbi lile jipya la wanawake wa Italia, ndilo la kwanza kufika hapo.

Jina hilo maana yake nini?

Ni herufi F tu, jinsi Waitaliano wanavyoitaja: effe. Ndiyo inayoanza maneno *femmina* na *femminismo*. Mwuzaji aliweza kulitaja kwa sauti bila kuona haya, na mnunuzi vilevile. Nadhani hilo halikuwa jambo dogo mwaka 1973.

Kwa nini lilizaliwa wakati ule? Wanawake wa Italia walikuwa na hali gani?

Wengi huiwaza Italia ya wakati ule kama nchi ya sinema, mitindo na magari mazuri, wakashangaa kusikia sheria zake zilisemaje. Wanawake walianza kupiga kura ya kitaifa mwaka 1946. Lakini nyumbani, kanuni za kiraia za 1942 zilimtambua mume kuwa mkuu wa familia, na mke alipaswa kumfuata popote atakapoamua kuishi. Hadi Mahakama ya Katiba ilipolifuta sharti hilo mwaka 1968, mke aliyezini alikuwa mhalifu wa kufungwa jela, ilhali mume hakushtakiwa kwa tendo hilohilo isipokuwa amemweka hawara hadharani. Kutangaza au kufundisha njia za kuzuia mimba kulikuwa kosa la jinai hadi Machi 1971. Talaka iliingia katika sheria Desemba 1970, na papo hapo wapinzani wake wakaanza kukusanya sahihi ili ifutwe.

Kulikuwa na mawili mabaya zaidi, yote yakitoka katika kanuni za adhabu zilizotungwa enzi za Mussolini. Mwanamume aliyemuua mkewe, binti yake au dada yake kwa kumfumania, kwa hasira ya heshima ya familia, alihukumiwa miaka 3 hadi 7 tu. Na mbakaji aliyekubali kumwoa aliyembaka alifutiwa mashtaka. Msichana wa Sicilia, Franca Viola, alitekwa na kubakwa Desemba 1965, akakataa kuolewa na aliyemteka, na taifa zima likamkodolea macho kwa kuwa hakuna aliyezoea kusikia msichana akikataa. Vifungu hivyo viwili vilifutwa Agosti 1981, Effe likiwa limebakiza mwaka mmoja na ushei wa kuishi.

Utoaji mimba nao ulikuwa jinai. Katikati ya toleo la majaribio na toleo la kwanza, Juni 1973, mwanamke mmoja, Gigliola Pierobon, alisimamishwa mahakamani Padova kwa mimba aliyoitoa akiwa na miaka 17. Wanawake walijaa nje ya mahakama wakidai nao washtakiwe kwa kosa lilelile. Jaji alimpa msamaha wa kisheria, kwa maana alikuwa mtoto wakati wa tendo. Wengi waliokuwa pale waliuona msamaha huo kuwa tusi: nani alikuwa ameomba kusamehewa? Jarida lililoanza miezi mitano baadaye halikuhitaji kutafuta habari ya kuandika.

Nani walilianzisha?

Kikundi cha wanawake, wengi wao wenye kazi zao tayari. Adele Cambria alitoka Reggio Calabria, alizaliwa 1931, akawa mwandishi wa magazeti makubwa, na Pasolini, mwandishi na mwongozaji wa sinema, alimpa nafasi ndogo katika filamu zake. Gabriella Parca alikuwa amejulikana tangu 1959 kwa kitabu kilichokusanya barua ambazo wanawake walikuwa wakizipeleka kwenye safu za ushauri za majarida ya hadithi za picha: barua za kuuliza kama busu ni dhambi, kama aliyepoteza ubikira amwambie mchumba. Agnese De Donato alikuwa mpiga picha, na aliwahi kumiliki duka la vitabu katikati ya Roma lililokuwa kijiwe cha wasanii. Walikuwepo pia Daniela Colombo, Grazia Francescato na Donata Francescato, Danielle Turone Lantin, Alma Sabatini, na wengine.

Angalia mchanganyiko huo: wanahabari, mpiga picha, mwanasaikolojia, mwanaisimu. Hawakuwa wanafunzi waliopata mashine ya kurudufu. Walijua bei ya karatasi na saa ya mwisho ya kupeleka kurasa kiwandani, na ndiyo maana waliweza kufikiria kibanda cha magazeti tangu siku ya kwanza.

Toleo sifuri ni kitu gani?

Italia, kabla ya kuanzisha gazeti, ni desturi kuchapa toleo moja la majaribio, linaloitwa namba sifuri, kupima kama litanunuliwa. Effe lilifanya hivyo Februari 1973 kwa msaada wa Dedalo, nyumba ya uchapishaji ya Bari iliyokuwa imezoea machapisho ya mrengo wa kushoto. Jarida la *il manifesto*, kabla halijawa gazeti la kila siku, lilianzia kwao mwaka 1969.

Mbona walisisitiza kibanda cha magazeti? Si wangeuza kwenye mikutano tu?

Hapa ndipo ulipo moyo wa habari yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kibanda cha magazeti cha Italia, *edicola*, si meza ya mtu anayeuza vichwa vya habari barabarani. Ni duka dogo la chuma lenye leseni; wakati ule lilikuwa kwenye kila kona, na mwenye nalo alimjua kila mteja na gazeti lake. Mwaka 1973 sehemu ya wanawake ilikuwa imejaa: *Grazia*, *Annabella*, *Amica*, *Gioia*, pamoja na majarida ya hadithi za picha kama *Grand Hôtel*. Majarida hayo yalisomwa na mamilioni. Humo mwanamke alifundishwa kupika, kufuma, kupaka rangi kucha na kumsamehe mume. Mwandishi wa Effe aliyefanya hesabu ya haraka angeona wazi: ukiandika kijitabu kizuri sana na kukigawa kwenye mkutano, utasomwa na wale wanaokubaliana nawe. Msomaji wa *Grand Hôtel* hatakiona maisha yake yote.

Vikundi vingi vya wanawake vya wakati ule havikupenda hoja hiyo. Kazi yao kubwa ilikuwa *autocoscienza*, kujitambua: wanawake wachache wanakutana chumbani kwa mmoja wao, kila juma, bila mwanamume, bila mwenyekiti, kila mmoja anaeleza maisha yake, na polepole inaonekana kwamba aibu aliyodhani ni yake peke yake ni ya wote. Maneno yaliyosemwa mle hayakuwa ya kuuzwa. Kwa vikundi hivyo, kibanda cha magazeti kilikuwa soko, na soko hugeuza kila kitu kuwa bidhaa. Carla Lonzi na wenzake wa Rivolta Femminile, kikundi kilichotoa tamko lake Roma mwaka 1970, hata nyumba yao ya uchapishaji waliianzisha wenyewe ili maneno yao yasipite mikononi mwa mtu mwingine.

Kila upande ulikuwa na haki yake. Mimi nimeegemea upande wa Effe, lakini si bila kuona gharama. Kibanda kina masharti. Lazima utoke kila mwezi, uwe na la kusema usiwe nalo. Lazima uchape nakala nyingi kuliko utakazouza, kwa sababu kibanda chenye nakala moja hakionekani, na zile zisizonunuliwa hurudishwa kwako ukiwa umeshamlipa mchapaji. Pesa ya zilizouzwa hupitia kwa msambazaji na kukufikia baadaye, ikiwa imekatwa. Tena mwenye kibanda ndiye anayeamua kama utakaa mbele au utafichwa nyuma ya majarida ya magari.

Na walitaka kuyatimiza masharti hayo bila bosi, bila mishahara. Waswahili wanamwambia mshika mbili kwamba moja humponyoka. Effe lilishika zote mbili kwa miaka tisa.

Kama hawakutaka bosi, mbona jarida lilikuwa na mhariri mkuu?

Kwa sababu ya sheria. Sheria ya magazeti ya 1948 inataka kila chapisho liwe na mhariri mwajibikaji, *direttore responsabile*, ambaye jina lake linaandikwa ndani na ndiye anayeitwa mahakamani likiandikwa jambo la kushtakiwa. Tangu 1963 wanahabari wana jumuiya yao ya kisheria yenye daftari la majina, na mhariri huyo hana budi kuwemo. Kikundi cha watu ishirini walio sawa kabisa hakiwezi kusajili gazeti. Lazima mmoja ajitokeze.

Makundi ya kushoto yalizoea kuazima majina. Pasolini aliwahi kuwaazima jina lake vijana wa Lotta Continua, kundi la kushoto lenye siasa kali na gazeti la jina hilohilo, ingawa hakukubaliana nao katika mengi. Adele Cambria naye aliwahi kuliazima gazeti hilohilo, na jambo hilo lilimletea mashtaka. Kwa hiyo alipoweka jina lake kwenye Effe mwanzoni, alijua jina linaweza kumpeleka wapi. Aliondoka baadaye. Wengine wakapokea, wengine wakaondoka, na jarida likaachana na mchapishaji likawa mikononi mwa wanaoliandika. Jaladani likaandikwa *mensile femminista autogestito*: jarida la mwezi la kifeministi, linalojiendesha lenyewe.

Neno hilo la mwisho lina uzito. Kujiendesha kulimaanisha vikao virefu, kila makala kujadiliwa na wote, kazi kupokezana, na karibu kila mtu kujitolea. Ukitaka kujua jarida la pamoja linavyochosha, jaribu kuchagua picha ya jalada na watu kumi na watano ambao hakuna hata mmoja mwenye haki ya kusema basi, inatosha.

Ndani yake kulikuwa na nini?

Siasa na mwili, sahani moja. Utoaji mimba na mahakama zake; vidhibiti mimba; hospitali na jinsi madaktari walivyozungumza na wanawake; ubakaji; kazi ya nyumbani isiyolipwa, na mabishano kama ilipwe au isilipwe; viwanda, shule, talaka, sinema, vitabu, habari za wanawake wa nchi nyingine. Makala ya uchunguzi yalikaa karibu na simulizi za mtu mmoja kuhusu kujifungua kwake. Kurasa za barua zilikuwa hai.

Pia kulikuwa na mzaha, jambo linalosahaulika. Majarida ya kawaida yaliuza kila kitu, kuanzia sabuni hadi matairi, kwa picha ya mwanamke nusu uchi. Effe lilizigeuza picha hizo, likamtazama mwanamume kama mwanamke alivyozoea kutazamwa. Anayedhani ufeministi wa miaka ile ulikuwa na uso wa kukunja tu hajafungua toleo hata moja.

Lilikuwa la chama gani?

La hakuna. Na hilo lilikuwa nadra. Italia ya wakati ule karibu kila kitu kilikuwa na chama nyuma yake, hata vilabu vya mpira wa mtaani. *Noi donne*, jarida la wanawake lililoanza 1944 vita ikiendelea, lilikuwa la UDI, umoja wa wanawake uliokuwa karibu na Chama cha Kikomunisti. Wanawake wa Effe wengi wao walikuwa wa kushoto, lakini walikuwa wamechoka kuambiwa kwamba suala la wanawake lisubiri mapinduzi kwanza.

Uchovu huo ulilipuka hadharani tarehe 6 Desemba 1975. Wanawake wapatao 20,000 waliandamana Roma kudai haki ya kutoa mimba, wakiwa wametangaza kwamba maandamano ni ya wanawake peke yao. Wanaume wa Lotta Continua, yaani wandugu wa mapambano, walitaka kuingia kwa nguvu, na ngumi zikarushwa. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wao wa Rimini, kundi lile lilivunjika, na sauti za wanawake wao zilikuwa miongoni mwa zilizolivunja.

Ile kauli ya "Io sono mia" inatafsiriwaje kwa Kiswahili?

"Mimi ni wangu mwenyewe." Lakini kuna kitu kinapotea. Kiitaliano hutia jinsia kwenye karibu kila neno, na hapo *mia* ni umbo la kike: anayesema anajimiliki, na anayemilikiwa ni mwanamke. Kiswahili hakina hilo. "Wangu" haijali kama ni Juma au Asha, na "yeye" ni yeye.

Nimewahi kusikia watu wakisema basi Kiswahili ni lugha ya usawa kuliko Kiitaliano. Taratibu. Lugha isiyotaja jinsia inaweza kumheshimu mwanamke, na inaweza pia kumficha: ukisema "mhariri", wengi bado wanamwona mwanamume mwenye miwani. Waitaliano walikuwa na tatizo la upande wa pili, kwamba vyeo vikubwa vilikuwa na umbo la kiume tu. Alma Sabatini, aliyekuwa katika kundi la Effe mwanzoni, aliliandikia jambo hilo kazi nzima, *Il sessismo nella lingua italiana*, iliyotolewa na ofisi ya waziri mkuu mwaka 1987. Alipendekeza mwanasheria wa kike aitwe *avvocata* na waziri aitwe *ministra*. Alichekwa sana. Leo magazeti mengi ya Italia yanaandika *ministra* bila kufikiri mara mbili.

Je, kulikuwa na majarida mengine kama hilo?

Mengi, na karibu yote yalikufa mapema. *Sottosopra* la Milano lilianza 1973 likikusanya maandiko ya vikundi, likitoka linapotoka. *Differenze* la Roma, 1976 hadi 1982, lilikuwa na mpango wa kupendeza: kila toleo liliandaliwa na kikundi tofauti. *Quotidiano donna* lilianza 1978. *Orsaminore*, lenye jina la kundi la nyota ambamo Nyota ya Kaskazini imo, lilitoka kati ya 1981 na 1983, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Rossana Rossanda wa *il manifesto*. *Memoria*, la historia ya wanawake, lilidumu 1981 hadi 1993. Lililoishi kuwapita wote ni *DWF*, lililoanza 1975, lenye sura ya kitaaluma. Halikuwahi kutegemea mama wa mkate.

Effe lilichangia kubadilika kwa sheria?

Swali hili huulizwa kana kwamba sheria hutungwa na jarida. Tuweke tarehe kwanza. Mei 1974, kura ya maoni ya kufuta talaka ilishindwa: asilimia 59.3 walitaka talaka ibaki, tena katika nchi ambayo Kanisa lilikuwa limepiga kampeni waziwazi. Mei 1975 sheria ya familia ilifumuliwa, mume akavuliwa ukuu wa kisheria. Julai mwaka huo vikaanzishwa vituo vya umma vya afya ya uzazi. Sheria namba 194 ya utoaji mimba ilipita tarehe 22 Mei 1978, majuma mawili tu baada ya mwili wa Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani aliyetekwa na magaidi, kukutwa ndani ya gari, nchi ikiwa katika kilele cha ugaidi. Mei 1981 wapinzani wake walijaribu kuifuta kwa kura, na asilimia 68 wakawakatalia.

Nyuma ya tarehe hizo kulikuwa na vyama, wanasheria, chama cha Radicali kilichokusanya sahihi zaidi ya nusu milioni, na wanawake waliokamatwa, akiwemo mwanaharakati wa haki ya kutoa mimba Adele Faccio, Januari 1975. Kazi ya Effe ilikuwa nyingine. Sheria ya 194 ilipopita, magazeti makubwa yaliandika kwamba wanawake wameshinda. Wanawake wa vikundi hawakufurahi hivyo: sheria ilimruhusu daktari kukataa kwa sababu za dhamiri, na msichana wa chini ya miaka 18 alihitaji idhini ya wazazi au jaji. Mabishano ya aina hiyo, ya mtu anayeipinga sheria aliyoipigania, yalihitaji kurasa za kukaa. Bungeni hapakuwa na nafasi yake.

Na kuna lililobaki bila kufanyika. Ubakaji uliendelea kuhesabiwa katika sheria kuwa kosa dhidi ya maadili ya jamii. Ulitambuliwa kuwa kosa dhidi ya mtu mwenyewe Februari 1996, jarida likiwa limekufa miaka 13.

Kwa nini lilikufa?

Pesa ni jibu la haraka. Mfumuko wa bei Italia ulikaribia asilimia 20 mwaka 1974 na ukarudi huko 1980, na karatasi haikungoja mtu. Jarida lisilo na tajiri wala chama, na lisilotaka kuuza kurasa zake kwa matangazo yaleyale linayoyapinga, linaishi kwa bei ya nakala na wasomaji wanaolipia mwaka mzima. Mwezi mmoja mbaya unakula miwili mizuri.

Lakini majarida maskini huishi ikiwa yana watu, na watu ndio waliopungua. Waitaliano wana neno la kipindi kile, *riflusso*, na watu wa pwani hawahitaji kulitafsiriwa: ni maji kupwa. Baada ya 1978, baada ya Moro, risasi na msako wa polisi, maelfu walitoka barabarani wakarudi majumbani. Nyumba ya wanawake ya via del Governo Vecchio, jengo la zamani la mahakama ambalo wanawake wa Roma walilivamia Oktoba 1976, ilikuwa bado inasimama lakini kwa taabu. Wanawake wa redio nao walikuwa wamekiona cha moto: Januari 1979 vijana wa kifashisti walivamia studio za Radio Città Futura, Roma, wanawake wa kipindi cha akina mama wa nyumbani wakiwa hewani, wakawapiga risasi na kuwajeruhi.

Tena kuna sababu ya tatu, ambayo ni ya ushindi zaidi kuliko kushindwa. Kufikia 1980, majarida makubwa ya kibanda yalikuwa yameanza kuandika kuhusu ubakaji, vidhibiti mimba, kazi na mishahara. Yaliandika kwa lugha laini, na kwa mishahara. Waandishi wazuri walihamia huko. Mtu aliyefanya kazi bure miaka mitano, sasa ana mtoto na kodi ya nyumba, utamlaumu?

Kwa hiyo miaka tisa ni maisha mafupi au marefu?

Kwa gazeti la tajiri, mafupi. Kwa jarida la kujitolea linalotoka kila mwezi kibandani, marefu ajabu.

Wanawake wenyewe walikwenda wapi baadaye?

Kila mmoja na njia yake. Cambria aliendelea kuandika hadi uzeeni. Mwaka uleule wa Effe alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha jumba la maonyesho la wanawake la La Maddalena, Roma, pamoja na mwandishi Dacia Maraini. Alifariki 2015. Grazia Francescato aliongoza WWF ya Italia, kisha chama cha Kijani. Donata Francescato akawa profesa wa saikolojia. Daniela Colombo aliungana na wenzake kuanzisha AIDOS mwaka 1981, jumuiya ya wanawake wa Italia ya maendeleo, akaiongoza kwa miaka mingi.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, kupitia huyo wa mwisho. Katika miaka ya 1980 AIDOS ilifanya kazi Mogadishu pamoja na jumuiya ya wanawake wa Somalia dhidi ya ukeketaji, na mwaka 1988 mkutano wa kimataifa kuhusu suala hilo ulifanyika hukohuko. Somalia ilikuwa koloni la Italia, na si bahati tu kwamba barabara ya wanawake wa Roma ilipitia pale.

Kuna pia mzizi wa zamani zaidi, nje ya Effe. Elvira Banotti, mmoja wa walioanzisha Rivolta Femminile, alizaliwa Asmara. Mwaka 1969, katika kipindi cha televisheni, alimkabili mwandishi maarufu Indro Montanelli, aliyekuwa akisimulia kwa tabasamu jinsi alivyo "oa" msichana wa miaka 12 akiwa askari katika vita ya Ethiopia. Banotti alimuuliza, huko Ulaya tendo hilo lingeitwaje? Mjadala huo haujaisha. Sanamu ya Montanelli huko Milano imemwagiwa rangi zaidi ya mara moja.

Naweza kulisoma wapi leo, na nianzie wapi?

Matoleo yake yamewekwa kwenye mtandao na yanasomwa bure, kwa Kiitaliano. Ukifika Roma, nenda Archivia, maktaba iliyo ndani ya Casa Internazionale delle Donne, via della Lungara, mtaa wa Trastevere. Jengo hilo zamani lilikuwa mahali pa kufungia wanawake "waliopotoka", na watu wa pale watakueleza hilo kabla hujavua koti.

Kama Kiitaliano chako ni cha kuokoteza, usianze na tahariri. Ni ndefu, na zina msamiati wa vikao. Anza na barua za wasomaji wa 1974, mwaka wa kura ya talaka. Lugha yake ni ya watu walioandika kwenye meza ya jikoni, na kamusi ya mfukoni inatosha.